TAHADHARI: Tanzania hakuna kodi ya mirathi, huyu mtu wa Mwanjelwa asije akawapiga kama alivyotupiga sisi

Ndugu zangu wa Mbeya mjini, Rungwe, Kyela na Mbarali, naombeni mnisome mpaka mwisho hasa kama nyumbani kwenu kuna msiba wa karibuni. Kuna baba mmoja anazunguka anajiita mtaalamu wa mirathi na kodi, anawapigia wafiwa makadirio ya "kodi ya mirathi" alafu anachukua hela. Hiyo kodi kwetu haipo. Mtu akifariki serikali haikati asilimia yoyote kwenye alichoacha, iwe nyumba, shamba au hela ya benki. Sisi tumekuja kujua hilo tukiwa tumeshatoa milioni 2 na laki 4.

Mzee wetu ameacha nyumba Uyole, shamba la parachichi na migomba kule Rungwe na akiba kidogo benki. Siku ya nne baada ya maziko, turubai halijashushwa, akaja huyo baba, mtu mzima, kavaa suti, anaongea taratibu, akaandikisha na rambirambi elfu 20 kwenye daftari. Akamuita kaka pembeni akamwambia poleni sana ila mna siku 40 tu, mkizidisha TRA wanaizuia nyumba. Mama akasikia kwamba nyumba inazuiwa akaanza kulia upya.

Kesho yake akaleta karatasi imechapwa vizuri ina na muhuri. Nyumba mil 60, shamba mil 15, benki mil 5, jumla mil 80, kodi 10% ni mil 8. Akasema ana mtu wake ndani, tukiwahi kabla ya arobaini itashuka mpaka mil 4.8, tutangulize nusu. Tukachanga, dada akauza magunia yake ya mpunga kwa bei ya hasara, hela ikatumwa kwa simu kwenye namba yenye jina la mwanamke, tukaambiwa huyo ni mhasibu.

Sasa alijuaje mali zetu? Hili limetuuma sana. Cheti cha kifo na hati ya nyumba tulivitoa kopi kwenye stationari moja pale Mwanjelwa, na namba ya simu ya kaka tukaiacha palepale kwa ajili ya ratiba ya mazishi. Siwezi kuapa kwamba ndo walimpa, ila takwimu alizokuja nazo zilikuwa na mpaka ukubwa wa kiwanja ulioandikwa kwenye hati. Jamani makaratasi ya marehemu simamieni wenyewe yakitolewa kopi, na msiache faili kwenye kompyuta ya mtu.

Tuligundua siku kaka alipoenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Karani akataka cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia na majina ya warithi. Kaka akaunganisha na ile karatasi ya makadirio akijua ndo inayotakiwa zaidi. Karani akaisoma akamuangalia akamuuliza, hii kaka yangu umepewa na nani? Kodi ya hivi haipo. Tukaenda TRA, nao jibu lilelile.

Ujanja wake ni kwamba anachanganya uongo na ukweli. 10% ipo, wanaita kapito geini, ila ni ya mtu anayeuza nyumba au kiwanja, na inapigwa kwenye faida, siyo kwenye thamani nzima. Sisi hatukuwa tunauza hata tofali. Na chini ya ile karatasi kulikuwa na maneno ya kizungu, mdogo wangu akayatafuta kwenye simu yakampeleka kwenye sheria ya Uingereza. Huko kodi ya mirathi ipo kweli, ni 40% ya kinachozidi pauni 325,000, na anachoachiwa mke kwa kawaida hakikatwi. Mil 80 haifiki hata pauni elfu 40! Yaani hata kwa hao Waingereza wenyewe mama yetu asingedaiwa senti.

Utaratibu wenyewe ni mrefu kidogo lakini hautishi. Kikao cha familia kinapendekeza msimamizi, mahakama inatangaza, asipotokea wa kupinga inamteua, alafu ndani ya miezi minne anarudisha fomu namba 5 na namba 6 za orodha ya mali, madeni na mgawanyo. Gharama ndogondogo zipo, za mahakama, za cheti RITA (ofisi ya vyeti vya vizazi na vifo), za kubadilisha jina ardhi, ila zote mnapewa kontrol namba (namba ya kulipia serikalini) na risiti ya serikali. Mkiambiwa mtume kwa namba ya simu ya mtu, kataeni hapohapo hata kama amevaa kitambulisho shingoni.

Polisi tumefungua kesi na RB (namba ya taarifa ya polisi) tunayo, kwa hiyo jina lake siandiki hapa. Kama na nyie aliwapitia msichane hizo karatasi wala kufuta meseji za muamala, nendeni navyo kituoni mkaandikishe, tukiwa wengi kesi inakuwa na nguvu.

Huyo baba simu za kaka hapokei tena. Juzi binamu yetu akampigia kwa namba ngeni, akamwambia wana msiba Mbalizi. Akapokea mara moja, na hata pole hakutoa, aliuliza kwanza marehemu kaacha nyumba ngapi.