Miaka 13 na W210: nilivyopima kuhamia W211 hapa Lubumbashi

Tangu 2011 ninaendesha Mercedes E240 ya mwaka 2000, ile ya umbo la W210 yenye macho manne ya mviringo. Ilitoka Ubelgiji ikiwa na kilomita 148,000, leo inasoma 291,000. Karibu zote nilizoongeza mimi ni za njia tatu: kutoka nyumbani Bel-Air hadi duka langu Kamalondo, Kasumbalesa mpakani na Zambia kufuata mizigo ya vikwembe, na Likasi kwa mama yangu, kilomita 120 kwenda, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kwa miaka yote hiyo haijanilaza njiani hata usiku mmoja.

Mwezi wa pili mwaka huu, mvua zikiwa bado nzito, niliona pua ya gari imeinama kidogo upande wa kushoto. Nilidhani ni mzigo. Nikashusha marobota, bado imeinama. Papa fundi anayenitengenezea tangu mwanzo alifungua kapo (boneti), akakwangua kwa bisibisi ile gundi nyeusi pale springi ya mbele inapoegemea juu, na bisibisi ikazama. Chuma kilikuwa kimegeuka majani makavu.

Hilo ni jambo linalojulikana kwa wenye W210. Kile kikombe kinachoshika springi ya mbele kimechomelewa kwenye bati la ndani, na kutu ikijificha chini ya gundi huwezi kuiona mpaka siku kikombe kinapoachia na springi kupanda juu. Lubumbashi iko mbali na bahari, na udongo wetu mwekundu haulili chuma namna hiyo. Kutu hii gari lilikuja nayo: ni chumvi wanayomwaga barabarani Ulaya wakati wa barafu, miaka 11 ya baridi za Ubelgiji kabla halijafika kwangu. Kuna garaji moja, miaka ya nyuma, iliwahi kupaka rangi juu ya mahali hapo bila kukwangua, na mimi nikalipa nikiamini kazi imekwisha. Bado inaniuma.

Bwana yangu akasema basi, tumeshafaidi, tuliuze, tutafute mrithi wake, W211. Watoto wakashangilia. Nami, nakiri, moyo ulinidunda. W211 naipenda tangu nilipoiona mara ya kwanza. Macho manne yamebaki, ila yamelazwa kidogo kama ya mtu anayetaka kutabasamu.

Nikaanza kutafuta. La kwanza nililoonyeshwa lilikuwa zuri, jeusi, ngozi ndani haina ufa, lakini volani, yaani usukani, iko kulia. Hapa Kongo tunapita upande wa kulia, na magari mengi yanayofika kwetu kupitia Dar es Salaam na Zambia yana volani ya kulia vilevile. Mjini unaweza kuzoea. Kwenye njia ya Kasumbalesa hapana. Ukiwa nyuma ya lori refu lililobeba shaba, na mbele yake kuna jingine, na jingine, lazima uone kushoto kabla ya kupita. Ukiwa umekaa kulia, inabidi nusu ya gari iingie upande wa wanaokuja ndipo wewe uone. Sikuuliza hata bei.

La pili lilikuwa lenyewe. E240 ya 2004, volani kushoto, limetoka Ubelgiji kama langu, kijana mmoja wa mtaa wa Golf analiuza dola 7,500. Nililiendesha hadi njia ya Kipushi na kurudi, karibu saa nzima, bwana yangu amekaa nyuma makusudi ili asikie springi.

Nitasema ukweli wote, kwa sababu sifa zake ni za kweli. Ukimya wake ni wa daraja jingine. Kwenye vumbi la kokoto W210 yangu inasikika chini, kama mtu anayepekuapekua sufuria jikoni. W211 inapita na wewe unaendelea kuongea kwa sauti ileile. Milango inafunga kwa uzito mmoja. Volani ni sahihi zaidi, hasa ukikwepa shimo kwa ghafla, maana sehemu ya mbele walibuni upya kabisa. Kapo, matopeni (madigadi) ya mbele na mfuniko wa nyuma ni vya alumini, kwa hiyo kutu inakosa pa kuanzia, na mwili mzima umehifadhiwa vizuri kuliko wa mtangulizi wake. Kwa mtu ambaye juzi tu bisibisi imezama kwenye gari lake, hili si jambo dogo.

Injini sasa. Hapa ndipo nilipoanza kutulia. Langu lina V6 ya lita 2.4, nguvu farasi 170. Baadaye kidogo Mercedes waliipanua kuwa lita 2.6 lakini wakaacha 240 palepale kwenye mfuniko wa nyuma. W211 E240 ina hiyohiyo ya lita 2.6, farasi 177. Ni ukoo uleule wa M112: valvu tatu kila silinda, buji, yaani plagi, mbili kila silinda (buji 12 kwa jumla, uzikumbuke unapopanga bajeti), mnyororo badala ya mkanda, na vidanji, yaani kubadilisha oili, inayomeza karibu lita 8. Giaboksi pia ni ileile ya gia tano, na tabia yake ni ileile: oili yake ilisemwa ni ya maisha, lakini mimi huibadilisha kila kilomita 60,000, na kile kizibo cha nyaya ubavuni kikianza kuvuja nakibadilisha mara moja kabla oili haijapanda kwenye waya hadi kompyuta. Kwa hiyo anayehama kutoka E240 hadi E240 hanunui moyo mpya. Moyo ni uleule. Anachonunua ni mwili na mishipa ya fahamu.

Na mishipa hiyo ndiyo iliyotukwamisha.

Tulipokuwa tunarudi, tukikaribia mjini, nilikanyaga freni kwa mwendesha pikipiki aliyekatiza. Gari likasimama vizuri ajabu. Kisha maandishi mekundu yakatokea mbele yangu, kwa Kifaransa, kuhusu freni. Kijana akasema, "Mama, ile ni taa tu, inakuyaka na kuzimika." Yakazimika kweli. Sikumjibu. Kesho yake nilimwomba alilete kwa Papa fundi, na akalileta, hilo namshukuru.

Papa fundi hakulala chini ya gari. Alisimama tu akaniuliza, "Mama, mbele ya kuuliza beyi, uliuliza mwaka?" Nikamwambia 2004. Akatikisa kichwa. "Freni ya hii motokari iko na akili yake peke yake."

Akanieleza polepole, na baadaye nilithibitisha mwenyewe kwa kusoma. Kwenye W210 yangu, mguu unasukuma mafuta ya freni, mafuta yanasukuma plaketi (pedi za freni), na kuna msaada wa kuongeza nguvu katikati. Basi. Kwenye W211 zilizotoka kabla ya mabadiliko ya katikati ya 2006, mguu unaiambia kompyuta tu. Kompyuta inaamuru pampu ya umeme, na pampu inapeleka presha kwa kila gurudumu kwa kadiri yake. Wanauita SBC. Ni kitu cha akili sana: wakati wa mvua kinagusagusa diski kidogo kuzikausha bila wewe kujua, na ukitoa mguu kwenye esansi (petroli) kwa ghafla kinajiandaa kabla hujakanyaga. Nilielewa kwa nini lilisimama vile mbele ya pikipiki.

Lakini pampu hiyo ina umri. Inahesabu mara ilizofanya kazi, na hesabu ikifika kikomo inadai kubadilishwa hata kama bado inafanya kazi. Umeme ukikosekana au pampu ikikataa, mfumo unarudi kwa nguvu ya mguu wako peke yake, magurudumu ya mbele tu, na kanyagio linazama mbali. Ndiyo maana W211 hizo zimewekewa batri ya pili, ndogo, ya akiba. Mwaka 2004 Mercedes wenyewe waliita magari 680,000 duniani yarudi kukaguliwa freni hizi, mwaka uliofuata wakaita tena, na 2006 wakaziondoa kabisa kwenye gari hili wakarudi kwenye freni za kawaida.

Kuna la zaidi, na hili ndilo lililonishtua kuliko yote. Kijana wa garaji ya pembeni anayebadilisha plaketi kwa dola chache, kama anavyozibadilisha kwenye Toyota, hapaswi kuigusa W211 hiyo kabla freni zake hazijalazwa usingizi kwa kompyuta. Ukifungua mlango tu, mfumo unaamka na kujaza presha. Ikiwa vidole vyake viko kwenye freni wakati huo, pistoni zinambana. Fikiria garaji zetu: gari liko juu ya mawe, mtoto wa mwenye gari anafungua mlango kutafuta chupa yake ya maji.

Nilimuuliza Papa fundi kama yeye ana mashine ya kuilaza. Alisema anayo ya kusoma makosa ya injini, ya freni hizo hana, na mjini anawafahamu wawili tu anaoweza kuwaamini nayo. Sasa mimi nikiwa Likasi siku ya Jumapili, taa nyekundu ikiwaka, nifanye nini? Nirudi kilomita 120 katikati ya malori kwa freni za magurudumu mawili?

Bwana yangu alikuwa bado anatamani. Alisema bei itashuka, na kweli ilishuka hadi 6,800. Tulibishana jioni nzima, kwa heshima lakini tulibishana. Hoja yake ilikuwa kwamba kutu ni ugonjwa usiokoma na kompyuta ni kitu cha kujifunza, mafundi watajifunza. Nilimjibu kwamba kutu naiona kwa macho na kuikwangua. Pampu inayohesabu siku zake kimyakimya siioni, na pampu ya mtumba nikiinunua sijui imebakiza mara ngapi. Mwisho alikubali, ila aliniambia nisije nikamlaumu gari likiinama tena.

Hivyo W210 ikaenda kwa mchomeleaji. Nilitaka vikombe vyote viwili vya mbele, cha kulia pia, ingawa cha kulia kilionekana kizima. Tulipokikwangua kilikuwa kimeanza kutu. Vikombe vipya, kukata, kuchomelea, dawa ya kutu, gundi mpya, na springi mbili kwa sababu za zamani zilikuwa zimechoka: dola 460 pamoja na siku nne bila gari. Safari hii nilikaa pale nikitazama mpaka chuma kikawa cheupe kabla hawajapaka chochote. Vijana walinicheka kidogo mwanzoni, mama na kiti chake cha plastiki, kisha wakazoea wakawa wananiita niangalie.

Gari limesimama sawa tena. Kwenye barabara mbovu za Katuba bado lina ile sauti ya sufuria, na sasa baada ya kupanda lile jingine naisikia zaidi kuliko zamani. Esansi ni ileile, lita 14 kwa kilomita 100 mjini, 10 kwenda Likasi nikitulia.

W211 sijaifuta moyoni. Ninayoitafuta sasa ni ile ya baada ya mabadiliko ya 2006, yenye freni za kawaida. E240 haikuwepo tena wakati huo, kwa hiyo chaguo langu ni E200 Kompressor, silinda nne za lita 1.8, farasi 184, au E280. Kwa E280 nitataka namba ya injini kwanza, kwa sababu V6 mpya za M272 za mwanzo zilikuwa na gia ya shafti ya mizani iliyoisha mapema, na kuibadilisha ni mpaka injini ishuke. Yenye springi za hewa sitaki hata ikipewa bure. Mipira yake haitamaliza msimu mmoja kwenye mashimo yetu. Volani kushoto, springi za chuma, karatasi za forodha zenye jina la anayeuza. Nikiipata nitalileta hata hilo kwa Papa fundi kabla ya kutoa senti.

Wiki iliyopita yule kijana wa Golf alinipigia tena. Amefika 6,200. Nilimuuliza kama amebadilisha pampu ya freni. Akasema, "Hapana Mama, lakini ile taa haiwake tena." Nikamwomba, kwa upole kabisa, asimuuzie mtu mwingine bila kumwambia.