Uzoefu wangu: gemu la SpongeBob safi sana, aliyeniuzia kompyuta ndo tuna kesi

Niseme mapema kabisa, gemu lenyewe, la yule sifongo wa kwenye katuni, halina kosa. Naliweka hili juu kwa sababu najijua, nikifika katikati ntakuwa nimeshachemka na naweza kutukana mpaka wasiohusika. Gemu ni zuri. Kompyuta nayo, mmh, nzima. Aliyeniuzia ndo tuna kesi.

Ilikuwa baada ya watoto kutoka jandoni, wiki gani sikumbuki, ila maembe yalikuwa bado. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ujombani, baba yake yupo na tunamheshimu, lakini siku mtoto anatoka macho yote yanamwangalia mjomba kaleta nini. Wenzake walipewa baiskeli, mwingine mbuzi. Huyu mpwa wangu akanivuta pembeni, "Mjomba, mi nataka gemu la SpongeBob." Nikamuuliza baiskeli je? "Baiskeli inapata pancha mjomba." Sasa mtu katoka kufundishwa utu uzima juzi, unamjibu nini.

Nikaenda duka moja la kompyuta za mtumba hapa mjini Mtwara, jina nabaki nalo. Kijana wa pale siku hiyo mpole kama maji ya mtungini, shikamoo mzee, karibu mzee, kiti nikafutiwa kwa kitambaa. Akaniwashia mashine moja ya mezani, SpongeBob huyo ndani anacheka, akasema imekuja na magemu yake tayari, we ni kuchomeka na kucheza. Nikatoa 450,000 bila hata kuomba nipunguziwe, ile shikamoo ilikuwa imeshanilainisha.

Sasa hilo gemu. Ni Battle for Bikini Bottom, la kwanza lilitoka 2003, hili ndo lile lile walilolitengeneza upya 2020 wakaliongezea neno Rehydrated, na mimi niliyedhani ntamuwashia mtoto afu niende zangu barazani nikajikuta saa nne usiku niko kwenye kigoda naambiwa "ruka mjomba, ruka, aaah mjomba bwana". Bunduki hakuna, ni kuzurura tu, unafungua eneo moja baada ya jingine unachungulia kila kona. Mji mzima wa chini ya bahari umejaa maroboti, kisa yule Plankton mdogo kama punje alitengeneza mashine ya kutotoa maroboti akasahau kugeuza swichi, ikabaki kwenye kutotii, yakamtimua hata yeye nyumbani kwake. Kazi yako ni kutafuta miko ya dhahabu. Iko 100, na kufika mwisho kwa Plankton lazima uwe na 75. Mwingine unapewa kwa kumsaidia mtu shida yake, mwingine uko juu mlimani, mwingine Bwana Krabs anakuuzia, yaani maroboti yanabomoa mji na yule kaa bado anafanya biashara. Patrick, rafiki yake SpongeBob, naye kapoteza soksi, ukimpelekea 10 anakupa mwiko mmoja, wakati maisha yake yote anatembea peku.

Mtoto katoka kufundishwa miko kule porini, karudi nyumbani anaokota miko. Bibi yake alicheka mpaka akapaliwa.

Na mtu wa pwani ukilicheza unaliona kwa jicho lako. Aliyebuni hii katuni, marehemu Stephen Hillenburg, kabla ya kuingia kwenye uchoraji alikuwa anafundisha watu habari za viumbe vya baharini huko California, na unaona kabisa vitu vyake alivijua. Patrick ni kiti cha pweza, kile kiumbe cha baharini chenye umbo la nyota. Jirani yake Squidward ni pweza. Sijui kama kuna mtu aliwahi kumwambia Hillenburg kwamba Waswahili tunamwita hivyo, maana kiti na mwenye kiti wanakaa mtaa mmoja na mwenye kiti hataki hata kumuona. Ila nilimhesabu huyo Squidward, miguu minne mikono miwili, jumla sita. Ningempeleka kwa wale wachoma pweza wa Mikindani wangenirudishia, waseme miwili umekula njiani. Kuna kipande cha mwanzo mwanzo konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, wamemuuma Squidward mwili mzima na dawa yake ni ute wa mfalme wa konyeza, lazima uupandie huko juu ukapigane nae. Mpwa wangu aliwahi kuumwa na konyeza pale Shangani, kipande kile chote alikicheza kaukunja mguu mmoja juu ya kiti.

Kiswahili hakuna humo, ni kimombo mwanzo mwisho, kwa hiyo kutafsiri ilikuwa kazi yangu na palipokuwa pagumu nilikuwa natunga. Haikuharibu kitu.

Haya, tuje kwenye lililonileta.

Siku tatu za kwanza hatukuizima. Ya nne umeme ukakatika (gesi inatoka hapo Mnazi Bay pua na mdomo na bado tunakaa giza, lakini hilo siyo la leo). Umeme uliporudi tukawasha, faili letu la miko 23 halipo. Limefutika. Lililopo ni la mtu mwingine, ana miko 7. Namuuliza mtoto huyu nani, ananiambia alimkuta humo tangu siku ya kwanza, akaogopa kumgusa. Bibi yake alikuwa anachambua mchele pale mlangoni, wala hakuinua kichwa, akasema, "Hiyo kompyuta ina mwenyewe."

Tukaanza upya. Tukafika 31, umeme ukaenda, ukarudi, letu halipo, jamaa wa 7 yupo kakaa palepale. Nikarudi dukani. Kijana bado ana adabu zake, akanisikiliza vizuri akitikisa kichwa kama daktari, akasema mzee hiyo ni umeme, unakatika ghafla mashine haiwahi kusevu, dawa yake UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika. Anazo? Anazo. 80,000. Nikalibeba lile dude zito kama jiwe la kusagia mpaka Magomeni. Usiku ule tukacheza mpaka 41, nikaizima mwenyewe kwa mkono wangu, taratibu, kama inavyotakiwa, wala umeme haukukatika. Asubuhi nawasha. Saba.

Na kuna la picha. Nilikuwa nimeweka picha ya mpwa wangu siku aliyotoka, kavaa kofia mpya na miwani meusi, nikaiweka pale mbele ili ukiwasha tu unamuona. Kesho yake haipo, limerudi gari jekundu lililokuwepo tuliponunua. Nani katoa? Kimya. Nikaiweka tena, ikatoka tena. Nikamgombeza. Siyo kidogo, nilimgombeza kweli, nikamfungia gemu siku mbili kwa kosa la uongo, mtoto anaapa haki ya Mungu mjomba sijagusa na mimi namwambia kumbe haya ndo uliyofundishwa kule? Mbele ya wenzake aliotoka nao. Hiyo 80,000 ntaitafuta tu, korosho zipo, lakini lile neno limeshatoka mdomoni.

Aliyetufumbua ni binti wa jirani anayesoma chuo, alikuja kusalimia bibi tu. Akapita nyuma yetu, akainama, akanyoosha kidole kona ya chini kulia pembeni ya saa. "Mjomba, huyu dubu wa nini?" Kadubu keupe, kadogo, miezi yote kako pale kanatuangalia. Akacheka peke yake kwanza, ndo akaeleza. Ni programu inaitwa Deep Freeze, wanaiweka kwenye kompyuta za intaneti kafe na maabara za shule ili watu wasiziharibu. Futa, weka, chafua, fanya unachotaka, ukizima na kuwasha kila kitu kinarudi vilevile kama ilivyokuwa siku ilipogandishwa. Programu haina ubaya, ndo kazi yake na inaifanya vizuri kuliko watu wengi ninaowajua. Maana yake mashine yangu ilikuwa ya kafe, na siku wanaigandisha kulikuwa na mtoto fulani kaishia miko 7, na tangu siku hiyo hasogei wala harudi nyuma, na picha ya mpwa wangu ilikuwa inafutwa na dubu.

Nikatoka palepale na ndala mguuni.

Dukani nakuta watu wamejaa, msimu umeshachanganya, wenye hela za korosho wanachagua simu. Shikamoo hakuna. Nikaeleza, dubu, kugandishwa, UPS niliyouziwa kwa ugonjwa usiokuwepo. Yule kijana anabandika protekta kwenye simu ya mtu, hata kuniangalia haniangalii, akasema, "Sasa mzee si uiache tu usiizime?" Nikamwambia itoe hiyo kitu. "Paswedi anayo bosi." Bosi yuko wapi? "Tandahimba, kwenye korosho." Anarudi lini? "Korosho zikiisha." Basi nirudishie hela ya UPS. "Kwani UPS haifanyi kazi?" Hapo nikakwama, maana inafanya kazi.

Ndo akainua macho, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Kwani mzee, katuni unacheza mwenyewe?"

Watu wakacheka. Kuna mama kashika chaja mkononi alicheka mpaka akashika kaunta. Na mimi, mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe, hasira ikanipanda vibaya nikajikuta nampigia kelele, "Nilikuwa na miko arobaini na moja!"

Naomba nisielezee kilichofuata. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani na bodaboda zote zinanipigia honi.

Ningeandika jioni ile mngesoma mengine, nilikuwa nimeshapanga kumtaja, duka, mtaa, rangi ya mlango. Ila siku kadhaa baadaye, wiki labda, tumekaa na gemu (tuliiacha haizimwi kweli, alichosema kilisaidia, hilo nalo lilinikera), bodaboda ikasimama nje. Ni yeye. Bosi kamtumia paswedi kwa simu. Akaingia bila maneno mengi, akaandika, akawasha upya, dubu akawekwa alama nyekundu ya mkato juu yake. Dakika 5, sizidishi. Miezi yote ile ilikuwa dakika 5. Akaomba 5,000 ya nauli, nikampa 3,000 na uso wa mbuzi.

Kabla hajatoka akaona mtoto kaanza upya tena, afu mpwa wangu akamwambia pale kwenye mlima wa mchanga, kule kwa kuteleza kwa kasi, huwa anaanguka kila siku. Jamaa akasimama. Akaangalia saa. "Dogo, lete hapa." Akakaa kwenye kigoda changu mimi. Anamfundisha wapi aruke, wapi aache kuruka, wanapiga kelele wote wawili, mpaka adhana ya isha. Bibi akamletea ming'oko kwenye sahani, akaila yote na chumvi yake, akashukuru vizuri, akaaga "mjomba, usiku mwema". Mjomba! Siyo mzee tena. Sasa mtu kama huyo unamchukia vipi mpaka mwisho, si anakuharibia tu hasira yako.

Kwa hiyo nasemaje. Gemu, kama una mtoto na muda wa jioni, tafuta, na usijidanganye kwamba utamwachia acheze mwenyewe. Duka nalipa nyota moja. Mbili, kwa sababu alikuja mwenyewe. Hapana, moja, nimeiangalia hiyo UPS hapa chini ya meza inavyowaka taa yake ya kijani. 80,000. Ukinunua kompyuta ya mtumba popote pale, kabla hujatoa hata mia, weka picha yoyote, mwambie azime na awashe mbele yako, afu angalia kona ya chini kulia kama kuna mnyama.

Picha ya mpwa wangu imerudi na imekaa. Nilimwomba msamaha, akasema mjomba yameisha, akanidai soda. Leo tuko 68. Nilimwambia sasa lile faili la miko 7 tulifute lisituchanganye, akakataa katakata, anasema mwenyewe akija kulitafuta je.