Nimelipia utulivu wa mahekalu Bangkok, nikaishia kwenye duka la vito

Naandika nikiwa bado na hasira na sitasubiri zipoe. Kama uko Bangkok, au unajiandaa kwenda, na pale mapokezi ya hoteli ukaonyeshwa kile kikaratasi cha ziara ya nusu siku, "mahekalu matatu, amani na utamaduni", usitoe hela kabla hujamaliza kusoma hapa.

Sisi tunaofuata nguo za biashara Pratunam, soko la nguo la Bangkok, tunaujua mji ule kwa mabegi na mizani ya kago. Miaka yote nimekuwa nikiyaona mapaa yale ya vigae vya rangi kwa mbali, nikijisemea iko siku nitaingia. Safari hii mzigo ulikamilika mapema. Shoga yangu akasema, "Shoga, leo hatubebi kitu, twende na sisi tukaone mji wa watu." Tukalipa, tena bila kuomba punguzo.

Niseme mapema, maana najua nitaulizwa: mimi ni Muislamu. Sikwenda kuabudu. Nilikwenda kuona walichojenga watu kwa imani yao, na kukaa kimya kidogo baada ya kelele za soko. Kwa hilo sioni cha kumwomba mtu radhi.

Tulianza na Wat Phra Kaew, ndani ya uzio wa Kasri Kuu la wafalme. Mlangoni wanakagua mavazi kwelikweli, mabega na magoti lazima yafunikwe. Wazungu waliovaa kaptura walirudishwa wakatafute suruali. Sisi tulijitanda kanga zetu tukapita bila neno, na askari mmoja mwanamke akalishika pindo la kanga ya shoga yangu, akaligeuzageuza, akatabasamu. Nikajua siku itakuwa njema.

Ndani kuna yule Buddha wa Zumaridi, ambaye kwa kweli amechongwa kwa jedi. Ni mdogo, urefu wake hata mita moja haufiki, lakini amewekwa juu sana kiasi kwamba ukikaa chini unainua shingo. Anavalishwa mavazi ya dhahabu, na mfalme mwenyewe ndiye anayeyabadilisha mara 3 kwa mwaka: msimu wa joto, wa mvua na wa baridi. Haya niliyasoma mwenyewe. Mwongozaji wetu hakutuambia hata moja. Alibaki nje na simu yake, na tulipotoka akasema, "Humo picha haziruhusiwi, hakuna haja ya kukaa sana." Nilimsamehe. Nikasema labda joto limemchosha.

Lakini ya Wat Pho simsamehe.

Pale ndipo alipo Buddha aliyelala, mita 46 kutoka utosini hadi miguuni, amepakwa dhahabu mwili mzima, na jengo limembana kiasi kwamba humwoni wote kwa mara moja. Unamwona vipande vipande katikati ya nguzo: sikio, kiwiko, halafu zile nyayo zilizotiwa nakshi za magamba ya chaza, alama 108. Ukizunguka upande wa mgongoni, ukutani kumepangwa vyungu vya shaba, navyo ni 108. Unatoa baht 20 unapewa kibakuli cha sarafu ndogondogo, unadondosha moja katika kila chungu hadi mwisho wa ukuta. Ni sadaka, na kwa wao ni baraka pia.

Nikachukua kibakuli. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa Kithai, mtu mzima, nywele nyeupe kazikata fupi, anakwenda taratibu, midomo inacheza. Nikafuata mwendo wake. Yeye akidondosha ya kwake, chungu kinalia, nami nadondosha ya kwangu nyuma yake. Hakuna chungu kilicholia sawa na mwenzake, kingine sauti nyembamba, kingine nzito. Watu walikuwa wengi lakini hakuna aliyesukuma. Nikasikia mabega yangu yanashuka yenyewe. Tangu nitue uwanja wa ndege, hapo ndipo kichwa changu kilipoacha kupiga hesabu za bei na kilo.

Mwongozaji akaja kwa nyuma. Hakuniita. Alinishika kiwiko, akakichukua kile kibakuli mkononi mwangu, akazimwaga sarafu zote zilizobaki kwenye chungu kilichokuwa mbele yangu. Zote, kwa mkupuo. Kisha akasema, "Pesa ni ileile. Twendeni, gari linasubiri."

Yule mama akageuka. Alimwambia kitu kwa Kithai, sauti ya chini sana, naye akajibu huku anatazama saa. Nilipomuuliza kwa nini amefanya vile, akaniambia mbele ya wageni wote wa ziara yetu kwamba watu wa Afrika tunakuja Bangkok kununua nguo, hekalu tunalitakia nini.

Naomba uisome tena sentensi hiyo.

Mtu analipwa kuwaonyesha wageni mambo ya dini yake. Anamkuta mgeni anayafanya kama wenyeji wanavyoyafanya, bila kelele, bila kujipiga picha, na huyo ndiye anayemkatisha. Mimi hata kuvua viatu mlangoni sikuhitaji kufundishwa, nimekua nayo. Kukaa miguu imekunjwa nyuma ili nyayo zisimwelekee Buddha, nilikaa. Kumpisha mtawa njia asije akaguswa na mwanamke, nilimpisha. Hakuna adabu ya pale niliyoivunja, na bado nikasukumwa.

Na hilo gari lililokuwa likisubiri lilikuwa linatupeleka wapi? Kwenye duka la vito! Hekaluni tulihesabiwa dakika, dukani hakuna aliyetazama saa. Tukakalishwa kwenye kiyoyozi, tukapewa chai, tukaletewa trei za yakuti nyekundu na yakuti samawi. Tulipokataa wakatutolea tanzanite. Mimi mtu wa Tanzania, nchi ambayo jiwe hilo linachimbwa Mererani na kwingineko duniani halipo, nabembelezwa ninunue tanzanite Bangkok! Tulikaa humo zaidi ya saa nzima, na mwongozaji alikuwa mchangamfu kuliko muda wote wa ziara. Kamisheni hiyo. Kila anayefanya biashara anaijua sura yake.

Hekalu la tatu lilikuwa Wat Arun. Tulionyeshwa kwa kidole kutoka ng'ambo ya mto Chao Phraya. "Lile pale, pigeni picha." Kivuko cha pale Tha Tien nauli yake ni baht 5. Ule mnara umepambwa kwa vipande vya vyombo vya kaure kutoka China vilivyopangwa kuwa maua, na nilitaka nivione kwa karibu, nivipitishie kidole. Tulikuwa tumeshalipia.

Hotelini nilidai haki yangu. Dada wa mapokezi, ambaye yeye hana kosa, alipiga simu. Jibu likaja kwamba tutapewa punguzo tukichukua ziara nyingine. Ziara nyingine na nani? Na yuleyule?

Nataka niwe mwadilifu. Gari lilikuwa safi, dereva alikuwa mtu mwema sana, alinifungulia mlango kila mara na aliponiona nimenuna alinipa chupa ya maji ya baridi bila kusema kitu. Kwa ajili yake niliandika nyota mbili. Halafu nikakumbuka ule mkono kwenye kiwiko changu, nikaifuta moja.

Sitaki msomaji aseme basi Bangkok siendi. Nenda, na nenda bila kampuni. Jioni ya kesho yake tulitoka wenyewe hadi Wat Suthat, lile hekalu lenye nguzo ndefu nyekundu za bembea kubwa mbele yake, bembea ambayo sherehe yake ilikomeshwa miaka ya 1930. Watalii ni wachache mno pale. Ndani ameketi Buddha mkubwa wa shaba aliyeletwa kutoka Sukhothai, na kuta zimechorwa kutoka chini hadi juu kabisa, farasi, majumba, bahari, watu wadogowadogo. Tukakaa kwenye zulia. Hakuna aliyetuuliza tunatoka wapi. Watawa wakaingia, wakaanza kusoma kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao, kwa sauti moja, ya chini, isiyopanda wala kushuka. Shoga yangu, ambaye huwa hanyamazi hata kwenye msiba, hakusema neno hadi walipomaliza. Nje ndipo aliponiambia, "Dada, mimi hapa ningelala."

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, na hakikuhitaji mtu wa kupiga makofi mlangoni.

Jihadharini pia na wenye bajaji karibu na Kasri Kuu. Atakuja mtu nadhifu akwambie leo pamefungwa kwa sikukuu, yeye atakuzungusha kwingine kwa bei ya kutupa. Hapajafungwa. Atakupeleka kwenye maduka yaleyale. Mpite, fika hadi getini ujionee mwenyewe. Na aliyeko Dar asiyekuwa na safari, Upanga kuna hekalu la Kibuddha lililojengwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka, tangu enzi za ukoloni, na wapo wakazi wengi wa mji huu wanaolipita kila siku bila kujua.

Mahekalu yenyewe nayapa nyota zote, hata Wat Pho, na hasa Wat Pho, maana ule mwendo nyuma ya yule mama nitautafuta tena nikirudi, tena asubuhi mapema kabla magari ya ziara hayajafika. Kampuni ningeipa sifuri kama ingewezekana. Haiwezekani, kwa hiyo hiyo nyota moja niliyoibakiza ni ya dereva, na mabosi wake wasijihesabie.