Terrore nello spazio kwenye Blu-ray: moshi, vioo na miamba miwili

Filamu ya kutisha ya anga iitwayo Terrore nello spazio, ya mwongozaji Mwitalia Mario Bava, ambayo nje ya Italia hujulikana zaidi kwa jina la Planet of the Vampires, ilitoka mwaka 1965 kwa ushirikiano wa Waitalia, Wahispania na kampuni ya Kimarekani ya American International Pictures, na tangu hapo wapenzi wake wameinunua upya kila ilipobadilika umbo: kanda ya VHS, kisha DVD, kisha Blu-ray, diski yenye taswira safi kuliko DVD. Ninayoizungumzia hapa ni Blu-ray iliyotolewa na Kino Lorber nchini Marekani mwaka 2014. Nimeitazama kwa sauti yake yenyewe na nimeitazama tena nikisikiliza maelezo ya mtaalamu yaliyorekodiwa juu ya filamu, na swali nililokuwa nalo tangu nilipoiagiza lilikuwa moja: filamu iliyojengwa kwa moshi na vioo itastahimili taswira safi namna hii, au usafi huo utaiumbua?

Hadithi yenyewe si ndefu. Vyombo viwili vya anga, Argos na Galliott, vinafuata mawimbi ya kuomba msaada hadi kwenye sayari ya Aura, iliyogubikwa na ukungu mwaka mzima. Argos inapotua tu, wafanyakazi wake wanavamiana kama waliopandwa na mashetani, na nahodha Mark Markary, anayeigizwa na Mmarekani Barry Sullivan, ndiye anayebaki na akili zake na kuwazindua wenzake. Wa Galliott hawakupata wa kuwazindua, wanakutwa wameuana. Wanazikwa, na kaburini hawakai. Jina la Kiingereza linaahidi wanyonya damu ambao hawamo kabisa, kwa kuwa waliomo ni viumbe wasio na miili wanaotafuta watu wa kuwapanda vichwani, jambo ambalo mtazamaji wa kwetu hahitaji kuelezwa mara mbili.

Bava alikuwa mpiga picha kabla hajawa mwongozaji, na hilo ndilo linaloibeba filamu hii. Fedha zilikuwa kiduchu. Mwenyewe alizoea kusimulia kwamba katika studio za Cinecittà alikuta miamba miwili ya plastiki iliyosalia kwenye filamu za mashujaa wa kale, akaizidisha idadi kwa vioo, kisha akafunika sakafu kwa moshi ili pasionekane kwamba hapakuwa na kitu kingine. Juu ya moshi huo alimwaga taa za rangi: nyekundu upande mmoja, kijani upande wa pili, zambarau na bluu kwa mbali. Kwenye nakala hafifu rangi hizo huchanganyika na kuwa tope, na mtu anaweza kudhani mpiga picha hakujua kazi yake. Katika diski hii zinaachana. Mtu akipita kutoka kwenye taa nyekundu kwenda kwenye ya kijani, unaona hasa mahali uso wake unapobadilika, na unaona pia kwamba ukungu ulio nyuma yake una tabaka zake, ule wa karibu ukienda taratibu na ule wa mbali ukiwa umetulia. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba sayari ile haikuhitaji miamba zaidi ya ile miwili.

Mfano mzuri kuliko yote ni maziko. Wafu wa Galliott wamezikwa chini ya mabamba ya chuma, na mabamba hayo yanaanza kuinuka polepole, bila mkono wowote kuonekana kwanza. Kisha wanasimama wakiwa wamefungwa ndani ya plastiki inayopitisha mwanga, na wanaichana kwa mwendo mzito, wakati taa ya nyuma ikipenya kwenye kila kunjo. Hakuna damu hapo, hakuna uso uliooza wa kutisha watoto, na hata sauti ni kidogo. Kila kinachotisha kinatokana na plastiki ile, na plastiki ni kitu ambacho kanda ya video haikuweza kukionesha ipasavyo: iliigeuza kuwa doa jeupe. Niliirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na kwa upande wangu inatosha kuhalalisha bei.

Jibu la swali langu, hata hivyo, halikuwa zuri kila mahali. Vyombo vya anga vinapotua, mfano mdogo unaonekana ni mfano mdogo, na taswira safi haina huruma nao. Chumba cha uongozi cha Argos, chenye nafasi kubwa mno kuliko mitambo iliyomo, kinaonekana kitupu zaidi kuliko nilivyokikumbuka, ingawa utupu huo una ubaridi wake unaofaa, na mavazi meusi ya ngozi yenye kola ndefu yanaujaza vizuri kila watu wanapopita. Mark na Sanya, mfanyakazi mwenzake wa Argos, wanapoingia ndani ya chombo kilichoharibika zamani na kukuta mifupa ya kiumbe mkubwa ajabu, mambo yanarejea kuwa mazuri, kwa sababu Bava amerudi kwenye giza na taa chache. Aliyeiona filamu ya Alien ya mwaka 1979 atashtuka hapo. Mfanano ni mkubwa, nao ndio uliowafanya watu wengi waitafute filamu hii ya zamani.

Nashauri mtu asiitazame mchana mapazia yakiwa wazi. Giza la filamu hii ni giza la kweli, na runinga iliyowekwa kwenye mtindo wa rangi kali kama ile ya dukani huigeuza nyekundu ya Bava kuwa rangi ya peremende. Zima pia ule urekebishaji wa mwendo, unaofanya picha ziende laini kupita kiasi, ambao runinga nyingi mpya huja umewashwa. Punje ndogo utakazoziona zikicheza kwenye ukungu ni za filamu yenyewe, hazifanani na chenga za antena mbovu, na kuzifuta kwa rimoti ni kufuta na moshi.

Sauti ni ya Kiingereza na ya mkondo mmoja (mono). Waigizaji walitoka Marekani, Brazili, Hispania, Ugiriki na Italia, kila mmoja akisema lugha yake mbele ya kamera, kisha sauti zikatiwa baadaye. Ndiyo maana midomo na maneno havipatani daima. Aliyezoea tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili hatasumbuka. La muhimu zaidi ni muziki wa Gino Marinuzzi Mdogo, wenye milio ya kielektroniki inayofanana na mashine inayopumua. Kanda za zamani za Marekani zilikuwa zimeuondoa na kuweka mwingine wa Kendall Schmidt, hadi DVD ya kampuni ya MGM ya mwaka 2001 ilipourudisha, na hapa upo. Ukiwa umewahi kuitazama kwa kanda ile, utaona kama umebadilishiwa filamu.

Maelezo ya sauti ni ya Tim Lucas, aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu maisha na kazi ya Bava. Anazungumza kwa utulivu, bila mzaha wa kujipendekeza, na anajua kila picha ilivyopatikana: wapi ni kioo, wapi ni mfano uliowekwa karibu na kamera ili uonekane jengo. Ni maelezo mazito, na anayetaka burudani tu atachoka katikati. Mimi sikuchoka, ila nashauri yasikilizwe baada ya kuitazama filamu nzima, kwa kuwa mwisho wake una mshangao ambao hapaswi mtu kuambiwa mapema.

Kwa walioko Afrika Mashariki kuna jambo la kukagua kabla ya kulipa. Diski za Blu-ray hufungwa kwa kanda za dunia, na deki ya ukanda mmoja huweza kuikataa diski ya ukanda mwingine. Diski hii ni ya Ukanda A, wa Marekani, na sisi tumo katika Ukanda B pamoja na Ulaya, kwa hiyo deki ya kawaida iliyonunuliwa huku itaikataa. Mimi ninayo deki isiyobagua ukanda. Muuzaji niliyeagiza kwake mtandaoni hakuwa ameandika herufi hiyo popote kwenye tangazo lake, na nisingekuwa na deki hiyo ningebaki na ganda zuri la kuweka rafuni. Mwulizeni muuzaji kwa maandishi, na gharama ya usafirishaji pamoja na ushuru mzihesabu mapema, maana zinaweza kuizidi bei ya diski yenyewe.