Moteri gani uiweke kwenye Land Cruiser 60? Chaguo tano kwa barabara za Bukavu

Kule Marekani, mwenye Camaro ya 1969 ambayo moteri yake imechoka hahangaiki sana. Anang'oa V8 ya jamii ya LS kwenye pikapu ya Chevrolet iliyopata ajali, anaipandikiza, basi. Zipo V8 kali kuliko hiyo, ila hiyo iko kila kona, na piesi zake hazitafutwi kwa tochi. Sisi Bukavu hatuna Camaro. Tuna Land Cruiser 60, zile za kati ya 1980 na 1990, zilizokuja na mapadri, miradi na wafanyabiashara wa enzi hizo. Bodi bado inasimama, lakini moteri inakunywa oili kuliko mazuti. Nami nawajibu wanaoniuliza kwa hesabu ileile ya yule wa Camaro: nunua moteri ambayo fundi wa Mwenga anaweza kuifungua usiku, akimulikiwa kwa simu.

Kabla ya kuanza, kumbuka kwamba mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Muuzaji akikutajia farasi 130, wewe andika 110. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya hizo zilizopotea, ndiyo maana watu wanaikimbilia. Wengine wanajuta baadaye.

1. 1HZ

Silinda sita, lita 4.2, mazuti, haina turbo wala kompyuta. Toyota iliianzisha 1990 na imeendelea kuifunga kwenye Land Cruiser 70 za soko la Afrika, zile jeep za hospitali na za mashirika unazopishana nazo kila siku. Kwa hiyo fundi yeyote wa huku ameshawahi kuishika. Ina farasi 130 hivi, si nyingi, lakini inavuta tokea chini, na tokea chini ndipo matope ya RN2, barabara ya Mwenga, yanapokudai.

Kama 60 yako ina bwati ya vitesi vitano (giaboksi ya gia tano), H55F, usiitupe. Kuna 1HZ zilizotoka kiwandani na bwati hiyohiyo. Unachotafuta ni kloshi ya 1HZ inayounganisha viwili hivyo. Mwambie muuzaji akupe moteri pamoja na kloshi, volani (lile gurudumu zito la nyuma ya moteri), klachi na stata yake. Ukinunua kimojakimoja utalipa mara mbili, na bado kitu kimoja hakitakaa.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni moteri iliyotoka kwenye basi la Coaster. Ni 1HZ halali kabisa, ila sampu yake, lile bakuli la oili chini ya moteri, ina umbo jingine, na kwenye 60 inagombana na eksele ya mbele. Utahitaji sampu ya Land Cruiser pamoja na bomba lake la kufyonzea oili. Wa pili ni umeme: baadhi ya magari ya mazuti ya Japani yalikuwa ya volti 24. Soma maandishi kwenye stata kabla ya kuifunga kwenye gari lako la volti 12.

Mkanda wa distribisioni, unaoendesha vali, unabadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali zinakutana na pistoni na moteri umeipoteza. Kwenye moteri ya okazyo badilisha mkanda kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake.

Na usiisukumie turbo. Najua kuna mafundi wanaofanya hivyo, na gari linakimbia kweli, kwa muda. Kulasi ya 1HZ, yaani kichwa chake, haikutengenezewa joto hilo.

2. Moteri yako mwenyewe, ifanyiwe upya

Watu wanaipuuza hii kwa sababu haina sifa ya kusimulia. Kama una 2H, moteri ya mazuti ya asili ya 60, na bloki haijapasuka, kuitengeneza upya kunaweza kukugharimu chini ya kuhamisha nyingine, ukihesabu mambo yote. Hakuna cha kuchomelea, na namba ya moteri inabaki ileile kwenye karatasi. Distribisioni yake ni ya gia, haina mkanda wa kukatika. Ni nzito na ya polepole, farasi 105 hivi kutoka lita 4. Mlima wa Ngomo, njiani kwenda Uvira, utaupanda kwa vitesi ya pili, malori yakikupigia honi nyuma. Lakini utafika juu.

Ukibahatika kuwa na 12H-T, ile yenye turbo na farasi 136, usithubutu kuiuza. Kutafuta ya kununua ni habari nyingine, kwani zilikuwa chache tangu mwanzo.

3. 1HD-T

Nikiwa na pesa na fundi wangu akiwa anapatikana, ningeweka hii. Lita 4.2 tena, ila na turbo na sindano zinazopulizia mazuti moja kwa moja ndani ya silinda. Farasi 165 hivi, na Ngomo inakuwa kilima cha kawaida. Pampu yake ni ya mekanika, hakuna waya za kukuchanganya. Nimeiweka ya tatu kwa sababu mbili. Piesi zake ni adimu kuliko za 1HZ, na zile za miaka ya mwanzo wa 1990 zinajulikana kwa kula kusine (beringi) za mikono ya pistoni. Fungua sampu, badilisha kusine kabla moteri haijaingia garini. Ile dada yake ya baadaye, 1HD-FTE, ina kompyuta. Mwachie mwenye mashine ya kuisoma.

4. 1KZ-TE

Hii inatoka kwenye Prado na Hilux Surf. Ni lita 3 na turbo, inapatikana kwa urahisi, na bei yake inashawishi. Baba mdogo wangu alishawishika. Fundi alimwahidi gari litakimbia kama jipya, na kwenye lami ya mjini lilikimbia. Safari ya tatu ya kurudi kutoka Uvira, limebeba magunia ya mchele, joto likapanda katikati ya Ngomo na kulasi ikapasuka. Gari lenyewe tupu lina karibu tani mbili. Moteri hii, ambayo kulasi yake haivumilii joto, unaidai kitu isichoweza. Za 3L na 5L za Hiace ni ngumu zaidi kufa, ila hazina nguvu ya kuivuta 60 milimani.

5. 1UZ-FE

V8 ya esansi, lita 4, iliyoanza na Lexus LS 400 mwaka 1989. Sauti yake ni tamu, siwezi kukataa. Ni ya mtu anayetoka Muhumba kwenda Nyawera na kurudi, hapahapa mjini, mwenye kituo cha mafuta njiani na fundi wa umeme mwenye subira.

Siku ya kulipa

Fungua kifuniko cha oili: ukiona rangi ya maziwa, maji yameingia, ondoka. Zungusha moteri kwa mkono, kwa ufunguo, mizunguko miwili kamili. Ikikwama, usikubali hadithi kwamba imekaa tu muda mrefu. Omba ipimwe kompresi silinda zote, na utazame kama zinalingana. Dai fakitire na karatasi za duane zinazotaja namba ya moteri ileile iliyogongwa kwenye bloki, kabla rulaji hawajakuuliza.

Halafu kuna pampu ya vakyumu, kipande kidogo ambacho wauzaji wengi wanakibakisha kwao. Moteri ya mazuti haitoi vakyumu yenyewe kama ya esansi. Bila pampu hiyo, au ikiwa imekufa, pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Ijaribu kwenye mteremko mfupi mjini, gari likiwa tupu, kabla hujavuka Nyangezi kuelekea Ngomo.