Kamera ya kupima nyama ya ng'ombe: bila chumba baridi, usinunue

Kamera ya mkononi ya kupima ubora wa nyama inafanya kazi yake vizuri, ila inataka chumba baridi. Machinjio yanayochinja usiku ili nyama ifike kwenye bucha za Kampala alfajiri, ingali na joto lake, yatakuwa yametupa fedha.

Kinachopigwa picha ni sarara iliyokatwa, si mzoga mzima. Nusu mzoga hutundikwa kwenye baridi saa 24 au zaidi, mpaka ndani ya paja joto lishuke chini ya nyuzi 7, ndipo ukatwe mbavuni. Wamarekani hukata kati ya ubavu wa 12 na wa 13. Kabla mafuta hayajaganda, michirizi yake ndani ya mnofu haisomeki. Ukishakata, acha nyama ipate hewa dakika 20 hadi 30 wekundu utoke, kisha bana fremu ya kamera juu yake mwanga wa taa za ukumbi usipenye. Programu inatoa ukubwa wa msuli, unene wa mafuta ya juu, michirizi na rangi.

Makosa mengi huanzia kwenye msumeno. Unga wa mfupa ukibaki juu ya mnofu, kamera huweza kuusoma kama mafuta, na ng'ombe mkondefu akapata alama za aliyenona. Msumeno ukate mfupa tu. Mnofu ukatwe kwa kisu kirefu, mkato mmoja. Kamera nayo iachwe ndani ya baridi kwanza, izoee hali ya humo. Baada ya hapo ndipo uisawazishe kwa kigae chake cheupe.

Kwa ng'ombe wetu wa Ankole kuna jambo jingine. Mafuta ya ng'ombe wa malisho ni ya njano kwa karotini ya majani, na programu iliyofunzwa kwa ng'ombe wa nafaka inaweza kukosea yanapoishia mafuta na mnofu unapoanzia. Michirizi yenyewe ni haba, kwa hiyo wengi watarundikana kwenye alama za chini. Kipimo chenye faida hapa ni rangi. Ng'ombe aliyesimama kwenye lori kutoka Mbarara, kilomita 270 hivi, akachinjwa bila kupumzishwa, huwa amemaliza sukari ya misuli. pH ya nyama, yaani kipimo cha uchachu, haishuki kufikia 5.5, inabaki juu ya 5.8, na nyama inakuwa nyeusi, ya kunatanata. Lakini hilo hata kipima pH cha kuchomeka kinalionyesha, tena kwa bei ndogo sana. Tungeanza nacho.

Minyoo ya ini na kifua kikuu kamera haivioni, hivyo muhuri wa daktari wa mifugo uko palepale.

Mwenye soko la hoteli au la nje anaweza kununua. Kabla ya kulipa, muuzaji apige Ankole 20, kila mmoja mara tatu, fremu ikiinuliwa na kurudishwa. Michirizi ya nyama ileile ikitofautiana kiasi cha kubadili daraja, arudi nayo.