Kuitafuta Rangi ya Damu ya Mzee ya Baiskeli ya Babu: Uzoefu Wangu na Huduma ya Kuchanganyiwa Rangi

Huduma ya kupimiwa rangi kwa mashine na kuchanganyiwa kopo lako inafaa, na nikihitaji tena nitairudia. Lakini ilinifaa mara ya tatu. Mara mbili za mwanzo nilirudi nyumbani na rangi isiyokuwa yenyewe. Kosa la kwanza lilikuwa langu, la pili lilikuwa la dukani, na yote mawili yangeepukika.

Baiskeli yenyewe ni ya Kiingereza, nimeachiwa na babu. Umri wake niliukadiria kwa habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu: ni Sturmey-Archer AW ya gia tatu, na kwenye ganda lake wamegonga 62, yaani 1962. Gurudumu huweza kubadilishwa, kwa hiyo namba hiyo peke yake haithibitishi fremu, ila kila kitu kingine kilionekana cha enzi hiyohiyo, nikaridhika. Rangi yake ni damu ya mzee, ile ambayo jua likiipiga unaona kama ina mwanga ndani yake. Fremu ilikuwa nzima, hata mistari ya dhahabu iliyochorwa kwa mkono bado inasomeka. Kilichokufa kwa kutu ni madigadi ya nyuma, na niliyoipata badala yake ilikuwa nyeusi.

Kuipiga rangi baiskeli nzima sikutaka hata kidogo. Rangi aliyoiona babu siku aliyoinunua, ukishaikwangua imekwenda. Nilitaka madigadi moja tu ifanane na fremu, na hilo ni gumu kuliko kupaka zote. Ukipaka zote, tofauti ndogo hakuna atakayeiona. Ukipaka kipande kimoja kikakaa pembeni ya kipande cha zamani, jicho linashtuka papo hapo.

Safari ya kwanza nilibeba kava ya cheni kama sampuli, kwa sababu ilikuwa rahisi kufungua na ina uso bapa. Kijana wa dukani akaiwekea kipimo, kile kidude cha mkononi kinachomulika mwanga na kusoma rangi inavyourudisha, kisha kompyuta ikatoa mchanganyiko ulio karibu zaidi. Nilipopuliza nyumbani ikatoka rangi ya tofali. Nilikasirika, lakini mashine haikukosea. Ilipima kilichowekwa mbele yake, na kilichowekwa ni vanishi iliyogeuka njano kwa miaka, juu ya wekundu uliopauka kwa jua, na juu ya yote ukungu wa mafuta ya cheni.

Ndipo nikaanza kuitafuta rangi ya kweli ilikojificha. Kwenye baiskeli ya zamani kuna mahali pengi ambapo jua halijawahi kufika: chini ya kibano cha siti, chini ya vishikio vya waya za breki, nyuma ya mkono wa taa, na juu ya foko pale panapofunikwa na kikombe cha beringi. Mahali pazuri kuliko pote ni nyuma ya nembo ya mbele. Yangu ilishikwa na riveti mbili ndogo. Nilizitoa taratibu kwa muda wa saa nzima, maana nembo ya bati jembamba ikipinda hainyooki ikawa ileile. Ilipoachia, chini yake palikuwa na umbo la nembo limechorwa kwa rangi mbichi, nyekundu iliyoiva, yenye kina, kana kwamba ilipulizwa jana. Nilikaa chini nikaiangalia. Babu aliinunua ikiwa hivyo yote.

Siku hiyohiyo niliiosha fremu na kupitisha kampaundi laini ya kung'arishia. Kitambaa kilitoka na hudhurungi chafu, na wekundu ukaanza kufufuka chini yake. Hapa pana tahadhari: kitambaa kikianza kutoka na rangi yenyewe badala ya ule uchafu, simama, umeshaanza kula rangi. Na kama kuna sehemu lazima upige msasa, piga kwa maji, usipige kavu, kwa sababu rangi za miaka hiyo mara nyingi zina risasi na vumbi lake ni sumu.

Safari ya pili nilikwenda na fremu yenyewe. Mhudumu akabandika kipimo moja kwa moja kwenye bomba la mbele, pale nembo ilipokuwa. Kipimo kile kinataka uso bapa. Kwenye bomba la mviringo mwanga unavujia pembeni na usomaji unapotoka. Nilimuuliza, akanijibu haina shida. Baada ya kuchanganya, akachovya kidole, akapaka juu ya kifuniko cha kopo, akaniambia, “Si unaona, imelingana.” Rangi mbichi na rangi kavu ni vitu viwili, na kifuniko si madigadi. Hakunipulizia kadi ya majaribio hata moja. Ilipokauka ilikuwa nzito na bubu, haina ule mwanga wa ndani. Hili ndilo lalamiko langu kubwa: huduma inayouza kopo bila kupuliza sampuli na kusubiri ikauke haijamaliza kazi.

Safari ya tatu ilikuwa duka jingine. Dada aliyekuwa zamu hakugusa mashine kwanza. Alichukua lenzi, akaangalia ukingo wa mkwaruzo mdogo karibu na kibano cha siti, kisha akanipa na mimi nitazame. Kati ya wekundu na praima, ile rangi ya msingi, palikuwa na mstari mwembamba wa fedha, mwembamba kama unywele.

“Kaka, hii si rangi moja,” akasema. “Chini ni fedha, juu ni wekundu unaopitisha mwanga. Mashine inakusomea jumla yake tu.”

Hapo nikaelewa yote. Waingereza waliziita rangi za namna hii flamboyant: mwanga unapita kwenye wekundu, unagonga fedha, unarudi. Ukiichanganya kama rangi moja isiyopitisha mwanga, italingana ukisimama mahali pamoja, ukisogea hatua mbili imekwisha kuwa nyingine. Na iva yake, yaani kukolea kwake, inategemea idadi ya mikono, yaani mara unazopuliza: kila mkono unaoongeza, inazidi kuwa nzito.

Akapuliza kadi nne, zote fedha chini, kisha wekundu mkono mmoja, miwili, mitatu, minne. Fedha alichagua ya chembe ndogo kabisa, kwa sababu chembe kubwa humetameta kama gari jipya na kuiumbua kazi. Zilipokauka tulitoka nazo nje kivulini, tukarudi chini ya taa ya tyubu, kisha chini ya balbu ya njano. Nje kadi ya tatu ililingana vizuri sana, lakini kwenye balbu ikageuka zambarau. Akabadilisha aina ya wekundu, akaanza upya. Sikumwomba, alifanya mwenyewe.

Swali lililobaki lilikuwa langu: nifuate rangi iliyo nyuma ya nembo, au fremu ilivyo sasa baada ya kung'arishwa? Kama ningepaka baiskeli nzima ningefuata ya nyuma ya nembo bila kusita. Kwa madigadi moja, rangi ya 1962 ingepiga kelele pembeni ya fremu iliyokwisha kuzeeka. Kwa hiyo tulitumia ya nyuma ya nembo kujua wekundu ni wa aina gani, kisha tukapunguza iva hadi ikaiafiki fremu. Wengine watasema nimesaliti uasilia. Mimi nasema baiskeli lazima ionekane kitu kimoja.

Nilichukua makopo ya kupulizia yasiyo na kigumuzi, ile kemikali ya kuikaza rangi. Rangi zenye kigumuzi ni imara zaidi, ila hewa yake ina kemikali zinazoharibu mapafu na barakoa ya vumbi haizizuii. Hilo nawaachia wenye chumba na vifaa. Nilipuliza mikono myepesi, nikiweka kadi iliyochaguliwa pembeni na kulinganisha kila mkono ulipokauka. Kopo la fedha lilitema matone mwanzoni, ikabidi nipige msasa wa maji na kurudia. Kasoro hiyo naihesabia kopo.

Madigadi sasa iko mahali pake. Asubuhi jua likiingia ubavuni, wekundu unawaka kutoka kwenye fremu hadi nyuma bila kukatika, isipokuwa sehemu moja karibu na nondo za kushikilia, ambako nilipitisha mkono mara mbili na pamekuwa pazito kidogo. Nimepaacha. Dada aliniandikia mchanganyiko wote nyuma ya kadi, na kadi nimeiweka kwenye sanduku la vifaa pamoja na zile riveti mbili za nembo.